Mifuko ya chujio la vumbi imekuwa migumu kama ubao baada ya kuoshwa: je, inaweza kurudishwa?

Fundi wa Duga (mwuliza swali)

Assalaam alaykum, wazee wangu na ndugu zangu. Nafanya kazi ya ufundi katika kiwanda kidogo cha chokaa nje kidogo ya jiji la Tanga, upande wa Amboni. Tunachoma mawe kwenye tanuri, tunayasaga, kisha tunajaza chokaa kwenye viroba. Vumbi la kwenye kinu na la sehemu ya kujazia hunyonywa na feni na kupelekwa kwenye chujio lenye mifuko 96 ya kitambaa, iliyopangwa safu 8 za mifuko 12. Kila mfuko una kipenyo cha milimita 150 na urefu wa mita 2.4, nao umevishwa kwenye fremu ya waya. Hewa yenye vumbi huingia kutoka nje ya mfuko, vumbi hubaki juu ya kitambaa, na kila baada ya muda hewa ya kompresa hupulizwa kwa kishindo kutoka juu, safu moja baada ya nyingine, ili vumbi lidondoke chini.

Tangu masika ya mwaka huu chujio limeanza kuziba. Geji inayopima tofauti ya presha kati ya upande mchafu na upande safi, ambayo zamani ilikuwa ikisoma kama milimita 110 za maji, sasa inasoma 240. Feni imezidiwa, kwa hiyo vumbi halinyonywi tena inavyostahili, na vijana wanaojaza viroba wanashinda ndani ya wingu jeupe. Jambo hili linaniumiza, maana wengine ni majirani zangu na nawasikia wakikohoa usiku.

Niliambiwa nijaribu kuiosha mifuko wakati tunasubiri mipya, ambayo huagizwa mbali na huchelewa. Nilitoa mifuko 6, nikaiweka kwenye pipa la maji pamoja na sabuni ya unga. Maji yalipata moto yenyewe kabla hata hatujaanza kusugua, na mwenzangu aliungua viganja na vifundo vya mikono. Tulipoianika juani ilikauka ikawa migumu kama ubao, ina ukoko mweupe, na ukipuliza kwa mdomo hewa haipiti kabisa.

Naomba mnisaidie: hii 6 inaweza kurudishwa, na ile 90 iliyobaki niisafishe kwa njia gani bila kuiharibu na bila kumuumiza mtu mwingine?

Mstaafu wa Mitambo, Ngamiani

Wa alaykum salaam, mwanangu. Pole sana, na umfikishie mwenzako pole yangu. Mtu akimwagikiwa na chokaa, aikung'ute kwanza ikiwa bado kavu, kisha aoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu, wala asipake mafuta wala kitu kingine juu ya kidonda. Ikiingia jichoni, ni maji mengi papo hapo, na hospitali bila kusubiri. Viganja vyake vikiwa bado vyekundu au vimetoka malengelenge, akaonwe na daktari.

Kilichotokea kwenye pipa lako ni kile ambacho wazee wetu wa hapa pwani walikuwa wakikifanya kwa makusudi walipozima chokaa ya kujengea. Chokaa iliyotoka tanurini haijazimwa. Ikikutana na maji huchemka, na ikiwa nyingi mahali pamoja inaweza kuyafikisha maji kwenye kiwango cha kuchemka. Wewe uliizimia ndani ya kitambaa. Kwa hiyo mfuko haukuoshwa, ulipikwa ndani ya maji ya chokaa ya moto. Mifuko mingi ya viwanda vya aina yenu hushonwa kwa kitambaa kizito cha poliesta, na adui mkubwa wa poliesta ni alkali, kama hiyo chokaa, ikiwa pamoja na joto na unyevu. Nyuzi hulika polepole, na jicho halioni mpaka siku mfuko unapopasuka.

Basi nakuomba usitie maji mfuko mwingine hata mmoja. Nina miaka mingi nimefanya kazi na machujio ya namna hii, na kwa uzoefu wangu mifuko ikiziba, mara nyingi kitambaa hakina kosa. Tafuta kwanza kilichoizibisha, vinginevyo hata ukipewa mifuko 96 mipya kesho, masika ijayo utarudi hapa na swali hilohilo.

Anzia kwenye kompresa. Hewa yetu ya Tanga imejaa unyevu, na kompresa inapoibana hewa hiyo na kuipoza, maji hujikusanya ndani ya tangi. Yasipotolewa kila zamu, hupulizwa ndani ya mifuko pamoja na hewa. Fungua koki ya chini ya tangi asubuhi uone kinachotoka. Kikiwa maji badala ya hewa, umempata mwizi wa kwanza.

Pili, simama karibu na chujio likiwa linafanya kazi usikilize. Kila safu ina valvu yake yenye daiframu, yaani kiwambo chembamba cha mpira. Safu isiyo na hitilafu hutoa mlio mkavu na mfupi, kama mtu aliyepiga kofi. Daiframu iliyochanika hutoa sauti ya kupumua, au husikii kitu. Safu ambayo haipulizwi hujaa vumbi hadi kuganda, na safu nyingine hubebeshwa hewa yake. Angalia na presha ya hewa kwenye tangi dogo la juu: bar 4 hadi 6 zinatosha. Usidanganyike kuiongeza ili mifuko ipigwe kwa nguvu zaidi, kwa sababu kitambaa kitagongwa kwenye waya za fremu mpaka kitoboke.

Tatu, kagua mpira wa kuzibia kwenye milango ya chujio. Feni huvuta, kwa hiyo penye ufa mvua na hewa mbichi huingia. Nne, uniambie asubuhi mnawashaje. Mkiwasha feni na kinu kwa pamoja ilhali chuma cha chujio bado ni baridi na kimelowa umande, vumbi la kwanza la siku hukuta kitambaa kibichi na kukiganda. Jioni nako, mkizima kila kitu kwa mkupuo, vumbi la siku nzima hulala kwenye mifuko na kunyonya unyevu usiku kucha. Acheni mfumo wa kupuliza uendelee kwa dakika 15 au 20 baada ya feni kusimama, maana wakati huo hakuna hewa inayolibana vumbi kwenye kitambaa na hudondoka kirahisi.

Ile 90 isafishe ikiwa kavu. Itoe, itundike, ukung'ute kwa mkono, kisha unyonye upande wa nje kwa mashine ya kunyonyea vumbi huku ukiupitisha mdomo wake polepole kutoka juu kwenda chini. Usitumie brashi ya waya, na usipulize kwa bomba la kompresa ukiwa umelibandika kwenye kitambaa, kwa sababu hulisukuma vumbi ndani zaidi. Kabla ya hayo yote valia miwani ya kuziba macho, glovu na barakoa ya vumbi, na wenzako wavae vilevile. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa hivyo, kwa hiyo usione haya kuvidai.

Mama wa Mafuta, Pangani

Shikamoo mzee. Nami nachangia kidogo kwa sababu nimeona mtu akichanganya mambo haya. Mimi nachuja mafuta ya nazi kwa vitambaa vya pamba, na vikiziba navichemsha kwa magadi na sabuni, vinatoka kama vipya. Fundi, usije ukamsikiliza mtu wa kazi yangu ukafanya hivyo kwenye mifuko yako. Pamba huvumilia magadi na maji ya moto lakini huliwa na asidi. Poliesta, kama alivyoeleza mzee, ni kinyume chake. Jambo la kwanza ni kujua kitambaa chenyewe ni cha nini.

Mkemia wa Raskazone

Mama wa Pangani amegusa penyewe. Kama karatasi za manunuzi zimepotea, kata kipande kidogo kutoka kwenye mfuko uliokwisha kuharibika, kioshe vizuri, kiminye ndani ya maji yenye sabuni mpaka mapovu ya hewa yatoke. Polipropilini, kitambaa kingine cha nyuzi za plastiki, huelea kwa sababu ni nyepesi kuliko maji, poliesta huzama. Kisha choma uzi mmoja: poliesta huyeyuka ikidondoka, hutoa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu, ilhali pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu.

Sasa ukoko. Chokaa iliyozimwa ikikaa na hewa hunyonya kaboni dioksidi na kurudi kuwa kalsiamu kabonati, yaani jiwe lilelile mlilolichoma tanurini. Ndiyo maana mifuko yako imekuwa migumu; kuna jiwe limeota katikati ya nyuzi, na sabuni haiyeyushi jiwe. Dondoshea ukoko matone ya siki. Ukitoa mapovu, ni kabonati, na asidi dhaifu itauyeyusha. Usipotoa, kuna kitu kingine, labda udongo au mafuta ya kompresa, na asidi haitakusaidia.

Asidi ninayoishauri ni ile ya siki, asidi asetiki, kwa sababu chumvi yake ya kalsiamu huyeyuka kwenye maji na kuondoka. Nasisitiza hili kwa kuwa najua gereji hazikosi asidi ya betri. Asidi hiyo ni salfuriki, na ikikutana na kalsiamu hutengeneza jasi isiyoyeyuka kirahisi; utakuwa umeondoa jiwe moja na kupanda jingine. Juisi ya ndimu na unga wa asidi sitriki navyo vina tatizo la namna hiyo, kwani kalsiamu sitrati huganda. Asidi haidrokloriki huyeyusha haraka, lakini hula pete za chuma za mdomo wa mfuko na mvuke wake ni hatari kwa mapafu. Na asidi yoyote isikutane kamwe na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kwa sababu hutoa gesi ya klorini, ambayo huweza kuua.

Tufanye hesabu ili usinunue ovyo. Gramu 100 za kabonati zinahitaji gramu 120 za asidi asetiki, ambazo ni karibu lita 2.4 za siki ya dukani ya asilimia 5. Mfuko wenye gramu 200 za ukoko utakula karibu lita 5 za siki. Ni heri utafute asidi asetiki kali kwa wauzaji wa kemikali, ileile inayotumika kugandisha utomvu wa mpira, na uichanganye lita 1 kwa lita 19 za maji. Asidi ndiyo imwagwe ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, tena mahali pa wazi penye upepo, ukiwa na miwani na glovu za mpira. Kila lita ya asidi hiyo kali itayeyusha chini kidogo ya gramu 900 za ukoko.

Toa kwanza vumbi lote kavu, na ulegeze ukoko kwa kuukunjakunja mfuko taratibu kwa mkono. Loweka kwenye mchanganyiko usiopashwa moto mpaka mapovu yakome, suuza mara nyingi, na pima maji ya mwisho kwa karatasi ya litimasi hadi yasiwe asidi wala alkali. Anika kivulini, jua kali hudhoofisha nyuzi hizi, na kikaushio cha moto huufanya mfuko usinyae usiingie tena kwenye fremu. Kama kitambaa chenu kina utando laini unaong'aa kwa nje, usikisugue hata kidogo.

Maji mliyotumia yakusanyeni kwenye pipa, na kama bado yana asidi yatulizeni kwa unga wa mawe ya chokaa ambao hamkosi. Yasiende mtoni. Mji wetu unakunywa maji ya Mto Zigi kutoka bwawa la Mabayani, na Mkulumuzi una wavuvi na mikoko yake.

Mwuza Vipuri, Chumbageni

Naheshimu maelezo yote, lakini naona tunamtwisha kijana kazi kubwa ya kuokoa kitu kilichokwisha. Gharama ya asidi, vibarua, na siku za kiwanda kusimama zikijumlishwa, huenda zikafikia bei ya mifuko. Tena mfuko uliooshwa haurudi kuwa mpya. Mimi ningemshauri mwajiri anunue yote kwa pamoja.

Mstaafu wa Mitambo, Ngamiani

Ndugu yangu wa Chumbageni, hoja yako ina uzito, nami sikubaliani nayo yote. Mfuko wenye nyuzi nzima unastahili kuoshwa. Wenye nyuzi zilizolika hata ukioshwa bure ni hasara, kwa kuwa mmoja ukipasuka unachafua upande safi na kujaza vumbi ndani ya mingine. Kwa hiyo swali ni la nguvu ya kitambaa, na hilo linapimika. Fundi, chana mmoja kati ya ile 6, kata ukanda wa upana wa sentimita 5 kwa urefu, na mwingine kama huo kutoka kwenye mfuko mpya wa akiba. Funga kila mmoja juu, uning'inize ndoo chini, uongeze mchanga kidogo kidogo mpaka ukatike, kisha pima ndoo. Fanya hivyohivyo kwa mfuko mmoja kutoka kwenye ile 90. Mkanda wa zamani usipofikia hata nusu ya ule mpya, usipoteze asidi yako.

Pima pia uzito. Mfuko mpya mkavu ndio kipimo chako. Uliosafishwa ukiwa bado mzito kuliko huo kwa mbali, vumbi limebaki ndani hata kama unaonekana mweupe.

Fundi wa Duga

Wazee wangu, shikamooni. Nimechukua majuma matatu kabla ya kurudi kwa sababu nilitaka nije na majibu ya kazi.

Koki ya tangi la kompresa ilitoa maji yenye kutu, karibu nusu ndoo. Nilisikiliza kama mzee alivyonielekeza: safu ya 3 ilikuwa ikipumua tu, na safu ya 7 ilikuwa kimya. Daiframu zote mbili zilikuwa zimechanika. Mpira wa mlango wa nyuma nao ulikuwa umekatika kwa urefu wa mkono mzima, upande unaopigwa na mvua.

Kitambaa kilizama na kuacha kishanga cheusi, kwa hiyo ni poliesta. Mkanda wa mfuko niliouosha ulikatika kabla ndoo haijafikia nusu ya uzito uliokata mkanda mpya. Yote 6 nimeitupa, na nimekubali kwamba kosa lilikuwa langu. Mkanda kutoka kwenye mfuko ambao haukuoshwa ulistahimili karibu sawa na mpya, jambo ambalo lilinipa moyo sana.

Mifuko 66 tuliisafisha ikiwa kavu. Ile 24 ya safu ya 3 na ya 7 ilikuwa na ukoko uliotoa mapovu kwa siki, tukailoweka kwenye asidi kwa utaratibu wa dada mkemia. Tulitumia lita 6 za asidi kali kwa yote. Mfuko mpya una gramu 640. Mifuko 17 ilirudi chini ya gramu 700, nayo tumeivisha tena. Saba ilibaki na zaidi ya gramu 850, na tumeiweka kando. Stoo kulikuwa na mipya 8, kwa hiyo matundu 5 tumeyaziba kwa vifuniko vya bati vyenye mpira, na mwajiri ameagiza 24 mingine badala ya 96.

Swali langu la mwisho: je, mipya hii 8 niiweke popote, na niwashe feni kama kawaida?

Mstaafu wa Mitambo, Ngamiani

Marahaba, mwanangu. Huo ndio ufundi. Msiwashe kwa nguvu zote. Kitambaa kipya, na hata kilichooshwa, kina vinyweleo vilivyo wazi. Hewa hukimbilia huko na kulisukuma vumbi jembamba ndani ya nyuzi mahali ambapo hakuna kishindo kitakachoweza kulitoa. Anza na feni ikiwa imebanwa nusu kwa lango lake, zima mfumo wa kupuliza, na umwage unga mkavu wa mawe ya chokaa yasiyochomwa kwenye bomba la kuingilia mpaka geji ipande kidogo. Unga huo utalala juu ya kitambaa kama mkeka mwembamba, na mkeka huo ndio hasa utakaochuja vumbi. Kisha fungua lango polepole, urudishe kupuliza. Weka kishindo kianze geji inapofika milimita 130 hivi, na kikome ikishuka hadi 90, badala ya kupiga saa zote. Anayekung'uta kupita kiasi huondoa mkeka wake mwenyewe.

Mipya 8 iweke kwenye safu moja na uiandike, ili ujue umri wake.

Fundi wa Duga

Tumefanya hivyo jana asubuhi, kwa unga wa mawe makavu na lango nusu. Hadi jioni geji ilikuwa kati ya 95 na 130. Mwenzangu amepona mikono, na ndiye aliyekuwa akisoma geji na kuandika kila nusu saa.

Nimeweka daftari kwenye kibanda cha kompresa: saa ya kutoa maji, jina la aliyetoa, na namba ya safu ambayo mlio wake umebadilika.